Mkiambiwa mrudi naye nyumbani

Daktari huwaita ndugu wawili watatu pembeni, mbali na kitanda. Maneno yenyewe ni machache: tumefanya tulichoweza, mrudisheni nyumbani, mpeni anachotamani kula. Kuanzia hapo familia nzima hukwepana macho. Mmoja anampigia simu mchungaji, mwingine anampigia mjomba kijijini, wa tatu ameshasikia habari za mtaalamu wa mizizi ambaye, wanasema, aliwahi kumponya mtu mwenye ugonjwa huohuo. Mgonjwa, ambaye ndiye mwenye shughuli, haambiwi kitu. Anapakiwa kwenye gari huku akihakikishiwa kwamba anaendelea vizuri, ndiyo maana ameruhusiwa.

Ninawaandikia ninyi mliorudi naye. Najua swali linalowakosesha usingizi wakati nyumba imetulia na yeye anakohoa chumba cha pili: je, Mungu bado anahusika na nyumba hii? Mliomba apone, hakupona. Mlifunga, mkatoa sadaka, jumuiya ikaja kusali, na vipimo vikarudi vibaya kuliko vya mwanzo. Jibu langu ni kwamba anahusika, na kwamba katika siku zilizobaki uangalizi wake utawafikia zaidi kwa mikono ya watu kuliko kwa miujiza: mkono wa nesi anayepima dawa, wa jirani anayeleta uji, na wako wewe unayebadilisha shuka saa tisa usiku. Anayekodolea macho muujiza tu anaweza kupitwa na hayo yote, kisha akaja kusema kwamba Mungu hakufika.

Anzeni na ukweli. Kwetu kumweleza mgonjwa hali halisi huonekana ni kumchuria, kana kwamba kifo kilikuwa hakijui njia mpaka sisi tulipokitaja. Matokeo yake mtu anakufa katikati ya watu wanaompenda akiwa mpweke kabisa, kwa sababu jambo analoliwaza mchana na usiku ndilo pekee lisiloruhusiwa kuzungumzwa. Na wagonjwa wengi wanajua. Anaona nguo zinavyompwaya. Anaona ndugu wa mikoani wanavyomiminika siku za kazi. Msimvamie na habari, lakini mfungulieni mlango. Mwulizeni, “Baba, wewe mwenyewe unauonaje mwili wako?” kisha mnyamaze. Akisema, “Naona nimefika,” msimkatize kwa “Usiseme hivyo, utapona kwa jina la Yesu.” Mwambieni, “Tupo hapa, baba. Ungependa tuzungumze nini?” Akisema hataki kujua, hiyo nayo ni haki yake. Siku akiwa tayari atauliza, na mara nyingi atamwuliza mtu ambaye hamkumtarajia, mjukuu au dada wa kazi. Huyo naye mwandaeni.

Lipo la maumivu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona familia za waumini zikiwatesa wapendwa wao bila kukusudia. Mtu anayeumia usiku kucha hawezi kusali, hawezi kusamehe, hawezi kuaga. Kwa hiyo msione haya kudai nafuu yake. Ipo huduma inayoitwa tiba shufaa. Kazi yake si kuuondoa ugonjwa bali kumwondolea mgonjwa mateso, na kuwa pamoja naye na familia yake mpaka mwisho na hata baada ya mwisho. Sura yake ya leo ilianza London mwaka 1967, pale Cicely Saunders, mama wa imani aliyekuwa nesi kabla ya kusomea udaktari, alipofungua Hospisi ya St Christopher's. Afrika Mashariki haikuchelewa sana: Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 Dakta Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa mjini Kampala. Merriman, aliyewahi kuwa mtawa mmisionari, alikuja na jambo rahisi ambalo limewapa usingizi wagonjwa wasiohesabika: unga wa morfini unachanganywa na maji, unatiwa kwenye chupa, na mgonjwa anakunywa dawa yake akiwa kwake, juu ya kitanda chake. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu manesi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, kwa sababu vijijini daktari ni wa kutafuta lakini nesi yupo. Kwa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hutoa morfini ya kunywa, na zipo hospitali za makanisa, Selian ya Arusha ikiwa mojawapo, ambazo zimejenga desturi ya kumfuata mgonjwa hadi nyumbani.

Basi kabla hamjaondoka wodini ulizeni waziwazi: maumivu yakizidi usiku tufanye nini? Nani wa kupigiwa simu? Je, hospitali hii au ya jirani ina kitengo cha tiba shufaa? Mkipewa morfini ya maji, kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, na maana ya ratiba hiyo ni kwamba dozi inayofuata ifike kabla maumivu hayajarudi. Wengi huificha kabatini wakisubiri mgonjwa alie kwanza, na hapo dawa inakuwa imeshachelewa. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Msiongeze wala kupunguza kipimo bila kumwuliza aliyeandika. Wapo mtakaowasikia wakinong'ona kwamba atakuwa teja, au kwamba mnamharakisha. Kwa mgonjwa anayeipata kwa kipimo sahihi, kwa maumivu ya kweli, uteja ni nadra sana, na dawa haimwui; inampa nafasi ya kuwa mtu tena kwa saa chache.

Kuna jambo la imani linalokaa nyuma ya woga huo, na afadhali tuliseme. Wapo wanaoamini kwamba mateso ya mwisho humsafisha mtu, kwamba kumpunguzia maumivu ni kumpunguzia thawabu. Sikubaliani nao. Mkristo anakiri kwamba deni la dhambi lilishalipwa na mwingine, msalabani. Hakuna kilichobaki ambacho bibi yako mwenye saratani ya kizazi anatakiwa kukimalizia kwa kupiga mayowe.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 barabara ya vumbi inayokwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ilijaa magari yasiyosogea. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akisema ameoteshwa na Mungu. Walikwenda vigogo na wachuuzi, Wakristo na Waislamu, Watanzania na Wakenya na wengine wa mbali zaidi. Wapo waliotolewa wodini wakapelekwa huko. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI baada ya kunywa kikombe. Wapo waliokata roho kwenye foleni, ndani ya magari, njiani. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021. Sina neno la dharau kwa hata mmoja aliyekwenda. Ukiambiwa kwamba mwanao hana dawa, utapanda gari lolote linaloondoka. Lakini foleni ile ilionyesha watu walikuwa na kiu ya nini: ya mtu atakayewatazama usoni na kuwaambia, kwa jina la Mungu, kwamba hawajatupwa. Dawa za hospitali walikuwa nazo wengi wao. Neno hilo ndilo lililokuwa halijasemwa na mtu, wala kanisani wala wodini.

Neno hilo mnaweza kulisema ninyi, sebuleni kwenu, bila kumsafirisha mgonjwa asiyeweza hata kukaa. Na mkisikia sauti ndani yenu ikisema kwamba kutumia dawa ni kukosa imani, someni habari za mfalme Hezekia katika kitabu cha Isaya, sura ya 38. Aliugua ugonjwa wa kufa. Nabii Isaya alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba atakufa na kwamba ayapange mambo ya nyumba yake. Hezekia aligeukia ukutani akalia, akaomba, akasikiwa, akaongezewa miaka 15. Halafu lipo jambo dogo ambalo wahubiri wetu hulipita haraka: nabii yuleyule akaagiza walete andazi la tini walibandike kwenye jipu. Maombi yalikwisha kujibiwa, na bado dawa ikatafutwa. Huyo Mungu haoni wivu juu ya dawa. Na mkumbuke mwisho wa ile miaka 15: Hezekia alikufa. Kila aliyeponywa katika Biblia alikuja kufa siku nyingine, Lazaro naye. Uponyaji ni zawadi ya kuombwa kwa moyo wote, lakini tumaini likisimama juu yake tu, litazikwa pamoja na mgonjwa.

Katika wiki za mwisho jambo linalowachanganya wauguzaji wengi ni chakula. Sisi upendo wetu unapita kwenye sahani. Mgonjwa akikataa uji tunaona tumeshindwa, tunambembeleza, tunamkaripia, wengine wanamshikia kijiko mpaka anapaliwa. Jueni kwamba mwili unaofunga kazi zake hauhitaji chakula kama zamani. Mgonjwa hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa. Mpeni kidogo anachotamani, hata kama ni kijiko kimoja cha mtindi au kipande cha papai, na akifumba mdomo muwe mmeelewa. Kitambaa safi chenye maji kwenye midomo iliyokauka kitamfaa kuliko bakuli zima. Mgeuzeni ubavu kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgandamizo, na mkimgeuza mwambieni mnachofanya. Siku za mwisho kabisa atalala muda mwingi, mikono na miguu itakuwa ya baridi, pumzi zitakuja kwa mafungu na kukatika katikati, na pengine koo litakoroma kwa mate asiyoweza kuyameza. Mlalisheni ubavu. Hali hiyo inatisha kuitazama, ila kwa kawaida yeye haisikii kama ninyi mnavyoisikia. Endeleeni kuzungumza naye. Usikivu huenda ukabaki hata macho yakiwa yamefumba, kwa hiyo ugomvi wa mirathi msiufanyie chumbani mwake.

Nao ugomvi huo unazuilika. Mwaka 1519 Martin Luther, akiwa Wittenberg, aliombwa amwandikie maneno ya faraja mtu aliyekuwa akisumbuliwa na hofu ya kifo. Akaandika hotuba fupi juu ya kujiandaa kufa. Ungetarajia aanze na mbingu. Alianza na mali: mtu azipange mapema ili ndugu wasije wakagombana nyuma yake. Kisha akaja kwenye kusamehe na kuomba msamaha. Ndipo akafika kwenye kifo chenyewe, akakifananisha na kuzaliwa: mtoto hutoka kwenye nafasi finyu ya tumbo la mama yake kwa hatari na uchungu, akaingia kwenye ulimwengu ambao hakuweza kuuwazia. Napenda mpangilio ule. Aliyezoea kuhubiri mbingu peke yake angeona kiwanja na ng'ombe ni mambo ya kimwili, lakini mgonjwa aliyelala akiwaza kwamba shemeji zake watamfukuza mke wake hawezi kusikia habari za mbingu. Mwondoleeni kwanza wazo hilo.

Kwa hiyo, wakati akili bado iko sawa, ulizeni hati ya kiwanja iko wapi, deni la kikoba ni kiasi gani, nani anamdai na anamdai nani, shamba la kijijini lilikuwa la nani hasa. Andikeni wosia mbele ya mashahidi wasiorithi. Tanzania, wakala wa serikali unaoitwa RITA husaidia kuandika wosia na kuutunza, kwa hiyo hauhitaji kulala chini ya godoro. Majirani zetu Waislamu wana mafundisho ya Mtume yanayomtaka mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wosia ulioandikwa, na wala hakuna anayesema kwamba wanamchuria mtu. Yesu mwenyewe, akiwa amening'inia msalabani, pumzi zikimwishia, alipanga nani atamtunza mama yake. Yohana, aliyeandika habari hiyo, anasema yule mwanafunzi alimchukua nyumbani kwake tangu saa ile. Katikati ya kuukomboa ulimwengu alikumbuka mjane mmoja na mahali pa kulala. Nikiulizwa Mungu anajali kwa kiasi gani mambo ya nyumbani, naelekeza hapo.

Msamaha nao una njia zake. Msimlazimishe mgonjwa kukutanishwa na watu wote aliowahi kukosana nao, kana kwamba ni baraza la usuluhishi. Mwulizeni kuna nani angependa kumwona. Mara nyingi atataja jina moja ambalo nyumbani halijatajwa kwa miaka, mtoto wa nje, kaka waliyegombania naye mpaka wa shamba, mke wa kwanza. Fanyeni kila njia aje. Asipoweza kuja, apige simu, mshikieni mgonjwa simu sikioni. Kwa Wakatoliki huu ndio wakati wa kumwita padri kwa mpako wa wagonjwa, na mmwite angali anaweza kuitikia sala. Mpako si cheti cha kifo. Walutheri na Waanglikana waombe Chakula cha Bwana kiletwe nyumbani. Kipande kidogo cha mkate kilicholowekwa kwenye divai kinaweza kumezwa hata na mtu aliyekataa uji siku nzima.

Sasa nije kwenye tumaini lenyewe, kwa sababu ningekuwa nimewaibia kama ningeishia kwenye dawa na hati. Mwanzo sura ya 23 inasimulia Sara alivyofariki akiwa na miaka 127. Ibrahimu aliingia akamlilia. Kisha akainuka mbele ya maiti akaenda kujadiliana na wenyeji wa nchi juu ya mahali pa kumzika, akalipa shekeli 400 za fedha kwa shamba lenye pango la Makpela. Fikirini jambo hilo. Mtu huyu aliahidiwa nchi nzima. Amezunguka humo na mahema kwa miaka mingi. Sasa ni mzee, na kipande cha ardhi kinachosimama kwa jina lake, mbele ya mashahidi, ni kaburi la mke wake. Ndani yake akazikwa na yeye, baadaye Isaka, baadaye Yakobo, ambaye alifia Misri na kuwaagiza wanawe wamrudishe huko.

Miaka mingi baada ya hapo, Mungu anapojitambulisha kwa Musa penye kile kijiti kilichowaka moto, anajiita Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo. Watu watatu wa Makpela. Yesu alipobishana na Masadukayo waliokataa ufufuo, hakuwapa maelezo marefu juu ya roho. Aliwashika hapohapo, kwenye utambulisho huo. Mungu hawezi kuendelea kuwa Mungu wao ikiwa wao si kitu tena. Urafiki alioushika yeye haukatwi na pango. Hapa ndipo imani yangu inaposimama ninapokaa kando ya kitanda cha mtu anayekwenda. Sijui mbingu ina sura gani. Najua kwamba huyu aliyelala hapa, kwa jina lake la ubatizo na jina lake la nyumbani, ana mtu aliyemshika, na kwamba aliyemshika alikwisha kufa mwenyewe, akazikwa, na siku ya tatu kaburi likakutwa tupu. Uangalizi wa Mungu ambao ungeishia kwenye pumzi ya mwisho usingetutosha. Tungekuwa tunamtunza mtu vizuri ili tumpoteze. Lakini kwa sababu hauishii hapo, basi hata kumgeuza ubavu, hata kumlowanisha midomo, tunauhudumia mwili ambao Mungu ana haja nao bado.

Mgonjwa akiuliza, “Nitakwenda wapi?” msikimbilie kumwita mwenye cheo. Mwambieni kwa maneno mepesi mnachokiamini. Akisema anaogopa, msimkemee kwamba Mkristo haogopi. Yesu aliogopa Gethsemane, akawaomba rafiki zake wakeshe naye, nao wakasinzia. Kesheni ninyi. Akikosa nguvu ya kusali, salini ninyi kwa sauti, sala alizozijua tangu utoto, polepole, zaburi ile aliyoipenda, wimbo aliouimba kwaya. Sala za kujitungia zenye kelele ziacheni nje. Nimeona watu waliosahau majina ya watoto wao wakisogeza midomo katika Baba Yetu.

Wageni watakuja, na baadhi yao watasema mambo ya kuumiza. Wapokeeni, lakini msiwaache peke yao na mgonjwa. Kuna jambo katika habari za Lazaro, Yohana 11, ambalo kila anayekwenda kufariji angelisoma kabla hajabisha hodi. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Yesu sentensi ileile ya lawama: angekuwapo, ndugu yao asingekufa. Martha akajibiwa kwa mazungumzo ya ufufuo. Mariamu hakupewa mazungumzo yoyote. Yesu alimwona analia, akauliza walipomzika, akalia naye. Alikuwa anajua anachokwenda kufanya kaburini dakika chache baadaye, na bado alilia. Hivyo ndivyo mtu anavyopimwa kabla ya kufarijiwa: huyu anahitaji neno, yule anahitaji mtu wa kulia naye. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema pekee waliyoifanya. Mambo yaliharibika walipoanza kueleza sababu.

Na sababu inayotafutwa kwetu, mara nyingi kabla hata kaburi halijachimbwa, ni mkono wa mtu. Nani alimwonea wivu? Bibi yupi alipita na ungo? Hapa nawasihi kwa nguvu zangu zote. Kizee wa watu anayeonyeshewa kidole siku ya msiba anaweza asimalize mwaka. Tumewazika akina mama wengi wazee, Usukumani na kwingineko, waliouawa kwa maneno yaliyoanzia kwenye matanga. Ugonjwa una jina lake. Andikeni jina hilo, lisemeni mbele ya ukoo mapema, mgonjwa angali hai ikiwezekana, ili asiwepo mtu wa kujaza pengo kwa jina la jirani. Kumwamini Mungu anayelinda ni pamoja na kukataa kulinda nyumba yako kwa damu ya mwingine.

Watoto waambieni ukweli kwa kipimo chao. Mkimwambia mtoto kwamba mama amesafiri, atakaa dirishani akimsubiri, na siku akijua atajua pia kwamba mlimdanganya. Mkimwambia Mungu alimpenda mama sana ndiyo maana akamchukua, ataanza kumwogopa Mungu anayependa watu. Mwambieni, “Mama aliugua sana, mwili wake ukashindwa, amekufa. Harudi hapa nyumbani. Yuko kwa Mungu, na sisi tupo na wewe.” Atauliza tena kesho na keshokutwa. Jibuni vilevile. Mruhusuni amwone na kumuaga akitaka, na asipotaka msimsukume.

Wewe unayeuguza, ambaye umesoma mpaka hapa huku sikio likiwa chumba cha pili, una habari yako pia. Eliya, baada ya kukimbia siku nzima jangwani, alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, baada ya usingizi na chakula. Ukijikuta unatamani mgonjwa afe ili upumzike, hujageuka shetani, umechoka. Mwambie wifi yako alale naye kesho. Andikeni zamu, wanaume wakiwemo, maana sioni andiko linalosema kuuguza ni kazi ya mabinti peke yao. Wanajumuiya wakiuliza wasaidie nini, wapeni kazi yenye jina: ndoo za maji, kufua mashuka Jumatano, kumpeleka mtoto shule.

Na ninyi wanajumuiya, shughuli yenu haiishi siku turubai linapokunjwa. Wakati wa msiba nyumba inajaa, kamati inakaa, rambirambi zinaandikwa daftarini. Miezi mitatu baadaye anayegonga mlango kwa mjane ni anayemdai. Pangeni mapema nani atakwenda mwezi wa tatu, nani wa sita, nani siku ya kumbukumbu. Nendeni wawili, na sukari au mchele, bila hotuba. Ulizeni kama kesi ya mirathi imeshafunguliwa Mahakama ya Mwanzo na nani anamsindikiza. Ulizeni ada ya Januari. Mtajeni marehemu kwa jina, kwa sababu kila mtu mwingine ameacha kumtaja akidhani anamsaidia, na akianza kusimulia alivyokuwa, kaeni mpaka amalize.